Uzio wa Mbao Zilizovuka Bahari

Mchwa wa Tanzania hawali mbao iliyovuka bahari. Hilo nililijua kwa uhakika, kama ninavyolijua jina la mama yangu mzazi. Sababu yake ilikuwa wazi kabisa: mbao ikikaa melini inapigwa na mawimbi, inayumba huku na kule, inalewa, na ule ulevi unabaki ndani ya nyuzi zake maisha yote. Mchwa akija akang'ata mara moja tu, dunia inamzunguka, anapata kichefuchefu, anarudi kwao akitambaa upande upande kwenda kuwaonya wenzake. Ndiyo maana, niliambiwa, bandarini Kurasini kuna mapaleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, yamelazwa juu ya udongo tangu babu zetu wanavaa kaptula, na hakuna mdudu aliyethubutu kuyasogelea.

Aliyenipa habari hizi alikuwa mwenzangu wa masomo ya jioni. Sie ambao shule ya asubuhi ilitupita tulikisoma kidato cha nne baada ya kazi, tukiwa watu wazima wenye ndevu, magoti yamebana chini ya madawati ya watoto. Yeye mchana alikuwa akihangaika na makontena Kurasini kwa niaba ya wakala wa kutoa mizigo, mie mchana nilikuwa nauza spea za pikipiki. Tuliketi dawati moja, tukang'atwa na mbu walewale. Mtu wa namna hiyo unaanzaje kumtilia shaka?

Isitoshe, na mie nilikuwa na mchango wangu. Baiolojia nilipata D, na D ile niliipata kwa jasho, kwa hiyo sikuona sababu ya kuiacha ikae kabatini pamoja na cheti. Nikaongezea kwamba chumvi ya bahari huingia kwenye mbao kwa njia ya osmosisi, na mchwa akiila, maji yote yanamtoka mwilini, anakauka kama dagaa wa Kigoma. Mwenzangu aliposikia hivyo alinishika mkono.

"Msomi," akasema, "hiyo mie nilikuwa siijui. Sasa imekamilika."

Habari hii ingebaki ya kunogesha vijiwe, isingedhuru mtu, kama mke wangu asingepata ujauzito.

Inabidi nieleze kidogo. Mie ni mtoto wa Temeke, ukoo wetu ni wa Pwani tangu mchanga wa Pwani ulipomwagwa. Kwetu sie mama mkwe unakaa naye mkeka mmoja, mnamenya mihogo, anakutania mpaka unaona aibu. Mke wangu ni wa bara. Kwao, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Wakiona wanakaribia kukutana njiani, mmoja anaacha njia. Hawali pamoja, na hawaongei wao kwa wao, neno lazima lipitie kwa mtu wa tatu. Wala si ugomvi. Ni heshima, na heshima yenyewe ni nzito kuliko kabati la mninga. Siku ya harusi yetu mama mkwe nilimwona mgongo tu. Kwenye picha zote za siku ile mie nacheka, mke wangu anacheka, mama mkwe anaonyesha kisogo.

Sasa huyo ndiye mke wangu alitaka aje kumwangalia uzazi wa kwanza. Na nyumba yetu ya Gongo la Mboto ilikuwa hivi: mbele vyumba viwili, nyuma uani chumba kimoja kidogo, jiko na choo. Ukifungua mlango wa nyuma umemwona kila aliye uani, mpaka anachofikiri.

Mama mkwe alitoa sharti lake kwa simu, mke wangu akanifikishia. "Mama anasema atakuja. Lakini uani pawekwe uzio, yeye akae upande ule, wewe upande huu. Uzio wa maana, usio na tundu. Anasema siku uzio ukilala, yeye anapanda basi anarudi kwao."

"Tuweke pazia," nikasema.

"Mume wangu, mama yangu akae miezi nyuma ya pazia kama yupo kwenye maigizo?"

"Mabati?"

"Jua hili? Tutambanika."

"Basi aje dada yako badala yake."

Alijishika tumbo, akanitazama. "Sikiliza, baba kijacho. Bila mama, mie sijifungui."

"Daktari je, atakubali?"

"Daktari atasubiri. Mtoto naye atasubiri. Nitabana."

Na mie, kwa jinsi nilivyokuwa mtu wa kuamini, nikaamini na hilo. Nililala nikimwaza mwanangu akitoka tumboni akiwa tayari amefika umri wa kuanza darasa la kwanza, anauliza sare yake iko wapi.

Jumamosi tukaenda wawili kuchagua mbao, kwenye zile sehemu za wauza mbao pembeni mwa barabara ya Pugu. Muuzaji alitupokea vizuri, akamtafutia mke wangu kigoda.

"Karibu baba, karibu mama kijacho. Mnajenga?"

"Tunagawa uani," nikasema.

Akatuonyesha mirunda kwanza, ile miti ya mkaratusi ambayo mafundi wanaisimamisha chini ya zege. "Hii inabeba ghorofa," akasema. Mke wangu akaichungulia mmoja mmoja kama anachagua samaki, akatikisa kichwa: imepinda, na kwenye kila pindo mama yake angemwona mkwe. Tukaletewa mabanzi, yale maganda ya gogo yenye gome upande mmoja. Ya bei nafuu, lakini ukiyapanga yanaachana kama meno ya mtoto wa miaka saba. Tukaletewa mbao za mti wa sapro, zimenyooka, zinanukia vizuri hadi mke wangu akataka kuzilamba, hali yenyewe ile. Mwisho tukaonyeshwa mbao zenye rangi ya kijani kibichi.

"Hizi zimetiwa dawa," muuzaji akasema. "Mchwa hagusi."

Nilicheka cheko la mtu aliyefaulu Baiolojia. "Dawa ya nini, ndugu yangu, wakati bahari ipo?"

Muuzaji akanitazama, akaitazama mbao, akamgeukia mke wangu. "Mama kijacho, huyu bwana yuko sawa?"

"Muda mwingi," mke wangu akajibu.

Nilimweleza yote pale pale: mawimbi, ulevi, osmosisi, dagaa. Watu wakajaa. Nadhani hata malori ya barabara ya Pugu yalipunguza mwendo kusikiliza. Mzee mmoja aliyekuja kununua mbao za kenchi aliacha kulipa akaondoka kwenda kufikiri upya. Muuzaji akatuomba kwa adabu tuwapishe wateja.

Mwenzangu wa dawati hakuniangusha. Kwenye yadi aliyokuwa akizungukia kulikuwa na mapaleti yaliyovunjika ambayo wenyewe walitaka yaondolewe, akaniombea, nikapewa ruhusa nikabeba. Yalikuja Gongo la Mboto juu ya kigari cha kirikuu, yamepangwa hadi gari likawa linafanana na mwanamke aliyebeba kuni. Kila paleti ilikuwa na mihuri ya nchi za watu, herufi nyingine hata hazisomeki. Nilifurahi kupita kiasi. Nikaapa kwamba mihuri yote itatazama nje, mchwa waione wenyewe kabla hawajajisumbua.

Fundi niliyemwita nilitegemea atabisha, nikawa nimejiandaa. Wapi! Alisikiliza mpaka mwisho akaweka nyundo chini.

"Bosi, hiyo mie nimeshaisikiaga. Ila nilivyosikia mie, lazima meli iwe imepita Ikweta."

Hilo nalo likawa jambo. Tulikaa juu ya mapaleti tukakagua muhuri mmoja mmoja: hii ya Ulaya, imepita, hii ya Uarabuni, imepita, hii haieleweki, basi iende upande wa banda la kuku. Chai ikaletwa, ikapoa. Mke wangu alikuja akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Nyie, mnajenga au mnagonga viza?"

"Tunachambua," nikasema.

"Jirani alipaka oili chafu miguu ya uzio wake kabla ya kuichimbia. Mpaka leo umesimama."

"Ukiipaka oili unaiziba pumzi. Ule ulevi utatoka wote."

Fundi akatikisa kichwa kwa huzuni, kama daktari anayemsikia mgonjwa akitaja dawa ya kienyeji. Mke wangu akarudi ndani.

Uzio ukasimama, na ulipendeza. Zile mbao nene tulizichimbia kama nguzo, nyembamba tukazipigilia zikibanana hata sindano isipite. Kosa nililiona baadaye, fundi akiwa ameshaondoka: mstari tulioupitisha uliacha jiko na chumba cha uani upande wa mama mkwe, na choo pia. Kuanzia siku ile nikawa mgeni wa choo cha jirani, mzee mstaafu wa jeshi ambaye hupiti kwake bila salamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo tena?"

Mama mkwe alifika kwa basi na gunia la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Nilifungiwa chumbani pazia limeshushwa, nikasikia kandambili zikipita ubavuni mwa nyumba, zikaingia uani, zikasimama. Alikuwa anaukagua uzio. Akapiga kwa kifundo cha kidole, ko, ko. Kisha nikamsikia akimwambia mke wangu, "Unafaa. Kwa sasa."

Lile "kwa sasa" sikulitilia maanani.

Tukaanza maisha ya pande mbili, na sina budi kusema yalikuwa mazuri. Ujumbe ulipitia kwa mke wangu. Tatizo likaja pale mke wangu alipokuwa amelala, maana mimba ile ilimpenda usingizi kuliko ilivyompenda baba yake. Mtu wa tatu akakosekana. Mchana mmoja nimekaa upande wangu natengeneza feni, nikasikia sauti ng'ambo ya uzio:

"Ndoo, mwambie mkwe ugali umeiva."

Nikatazama huku na huku. Kweli, pembeni mwangu kulikuwa na ndoo ya maji, ya buluu, imekaa kimya na mpini wake. Nikakohoa.

"Ndoo, mpe mama shikamoo, mwambie nashukuru sana."

"Ndoo, mwambie marahaba. Na amwamshe mwenzie wale."

Hivyo ndivyo ndoo ilivyopata cheo nyumbani kwetu. Sikuwahi kuona chombo chenye busara kama ile ndoo. Ilijua bei za soko, ilijua habari za bara, ilipokea pole ya mafua yangu na kufikisha shukrani. Mke wangu alipotaka kuifulia, nilimwambia atafute nyingine, hii iko kazini.

Mtoto hakubanwa wala hakusubiri. Alikuja kwa wakati wake, wa kike, sauti yake ingesikika hadi Mbweni upepo ukikubali. Bibi yake alipiga vigelegele nyuma ya uzio hadi mbao zikatetemeka. Nilidhani ni vigelegele vilivyozitetemesha.

Maana mvua zilikuwa zimeanza, na chini ya nguzo zilikuwa zimetokea njia za udongo, nyembamba, zikipanda juu taratibu kama mishipa ya mkono wa mzee. Nilizitazama kwa utulivu. Nilijua ni nini: mchwa wametuma wakaguzi. Wataonja, watalewa, watarudi.

"Mama anasema uzio unapiga kelele," mke wangu akaniambia akiwa ananyonyesha.

"Kelele gani?"

"Chakachaka. Kama mtu anakula bisi ndani ya mbao."

"Mbao inazoea hewa ya huku. Ilitoka kwenye baridi."

"Haya. Nitamwambia inazoea hewa." Akamhamishia mtoto titi la pili. "Mume wangu, mie bado siwezi hata kuinama. Na huyu mtoto ananyamaza kwa mtu mmoja tu duniani, naye begi lake liko nyuma ya mlango, hajalifungua lote. Unalikumbuka alilosema kuhusu uzio kulala?"

Nililikumbuka. Nilitoka nje nikausukuma uzio kidogo kwa kidole, kwa nia ya kujipa moyo, na kidole kikaingia. Kiliingia ndani ya mbao ya Ulaya iliyopita Ikweta kama kinavyoingia kwenye mkate uliochovywa chai. Nikakitoa, nikapaziba kwa udongo, nikaupapasa ule muhuri juu yake. Nilimpigia mwenzangu wa Kurasini. Akafikiri sana kwenye simu.

"Msomi," akasema, "labda hiyo meli ilipata bahari tulivu."

Kwa siku zilizofuata nilikuwa mtu wa kuegemeza. Niliegemeza mrunda wa kuazima hapa, meza mbovu pale, pipa, tairi la pikipiki. Upande wangu uani ukafanana na duka la mtu aliyefilisika. Upande wa pili mama mkwe alikuwa akiimbia mjukuu, nami kila alipopandisha sauti nilishika mbao.

Ukafika mchana ambao mke wangu alijisikia nafuu, akaenda kusuka kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Mtoto akabaki na bibi yake. Nilikuwa upande wangu nikasikia maji yakimiminwa kwenye beseni ng'ambo ya uzio na mtoto akitoa visauti vya raha, anaogeshwa. Kisha nikasikia kaa! Nguzo ya kati ilikuwa imekatika chini kabisa, na uzio wote ulikuwa unainama polepole, kwa heshima, kuelekea ng'ambo. Kuelekea kwenye beseni.

Niliruka nikaudaka kwa juu, vidole kumi, nikajitupa nyuma kwa uzito wote wa mwili wangu. Miguu inateleza kwenye tope, mbao zinamomonyoka mikononi, unga unanimwagikia usoni, na mchwa wenyewe, wazima wa afya, wamenona, wananitembelea mikononi wakiwa wamenyooka bila hata mmoja kuyumba. Na akili yangu, iliyofundishwa heshima ya bara kwa miezi yote ile, haikupata njia nyingine ya kupaza sauti.

"Ndoo!" nikalia. "Ndoo! Mwambie mama amtoe mtoto hapo!"

Ng'ambo ikajibu, sauti ya mtu aliyetulia: "Ndoo, mwambie mkwe mtoto nimeshamtoa. Nimemtoa tangu mbao zilipoanza kulia."

"Ndoo, mwambie mama siwezi kuushikilia, na nikiuachia tutaonana!"

Nikasikia kitambaa kikikung'utwa hewani. Kisha sauti ikaja, na safari hii haikupitia kwa ndoo. Ilikuja moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu nioe.

"Mkwe. Achia."

Nikageuka kwanza, nikampa mgongo, ndipo nikaachia. Uzio ulilala chini wote kwa pumzi moja, puu, bila hata kelele ya mbao, kama gunia la pumba. Vumbi likatanda. Kuku wakakimbia. Nilisimama nimekodolea macho mlango wa nyumba yangu mwenyewe, mikono juu kama niliyekamatwa, nikiwaza begi lililo nyuma ya mlango, nikiwaza mke wangu anarudi na nywele nzuri kumkuta mama hayupo.

"Mama," nikasema, nikaisahau na ndoo yenyewe, "utapanda basi?"

Nilisikia kandambili zake zikipita juu ya mbao, na mbao zikivunjika kama kaukau. Kisha akasema, "Shika hii nyuma yako. Usigeuke. Funga kwenye nondo ya dirisha."

Nilipokea kwa nyuma ncha ya kamba ya kuanikia nguo. Nikaifunga. Nyuma yangu nikamsikia akitandaza kitu juu yake, na kingine, na kingine.

"Geuka sasa."

Niligeuka. Uani mwetu palikuwa pamegawanywa kwa kanga zake zote, moja nyekundu, moja ya njano, moja ya buluu, zimebanwa kwa vibanio kutoka dirishani hadi kwenye nguzo ya jiko. Upepo ulizisukuma kidogo, lakini zilikaribia kufika chini, wala sikuona kitu ila vidole vya miguu yake. Nyuma ya kanga mtoto alipiga chafya.

"Siondoki mpaka binti yangu apate nguvu," mama mkwe akasema. "Kanga zitatosha mpaka ujenge mwingine. Utanunua zile mbao za dawa. Miguu yake uipake oili chafu kabla hujaichimbia. Na mstari uupitishe choo kibaki upande wako, yule mzee wa jeshi umemchosha. Mie nitatoboa mlango wangu wa kukiingilia kwa nyuma."

"Sawa, mama. Ila mama, hizi mbao nilizichagua kwa sababu..."

"Najua sababu yako. Binti yangu alinisimulia, na mie sikuwa na mtu wa kukuletea jibu, ndoo haitumwi kumkosoa mkwe, na yeye mwenyewe aliogopa utaanza tena ile habari ya dagaa." Akampigapiga mtoto mgongoni, taratibu. "Mchwa hajui bahari, mkwe. Anakula mbao yoyote laini uliyoichimbia ardhini bila dawa, iwe ya Ulaya, iwe ya Pugu. Ni hivyo tu."